Haki ya Kuuma

Lugha yetu haijamtendea kenge haki. Tukitaka kumtusi mtu mpumbavu tunamwita kenge. Tukitaka kusema kwamba miongoni mwa wakubwa wamejipenyeza wasiostahili, tunasema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Na walimu wa kizazi changu walikuwa na msemo mmoja waliopenda kuutaja wakiwa wameshika fimbo: kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Msemo huo nimeusikia katika vyumba vya walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mkufunzi, na mwisho mkuu wa chuo cha ualimu. Maana yake ni kwamba wako viumbe ambao maneno hayawafikii, na kwa hao lugha pekee ni maumivu.

Katika kurasa hizi chache nataka kuupima msemo huo, kwanza kwa kenge mwenyewe, kisha kwa kila kiumbe mdogo anayewekwa mikononi mwa mkubwa. Swali langu ni hili: je, anayemfuga au kumlea mwingine anayo haki ya kumnyang'anya uwezo wa kukataa?

Hapa Bendera, katika tambarare ya joto chini ya Milima ya Upare, kenge si mgeni. Anapenda kandokando ya maji, na tangu tuchimbe mifereji ya kumwagilia mashamba amepata makazi mapya bila kuomba kiwanja. Akiwa mdogo ana urefu wa kama futi moja, mweusi mwenye madoa na mistari ya manjano, mzuri kuliko watu wanavyokubali. Akikua huweza kupita mita mbili. Hula konokono, kaa, vyura, samaki, wadudu, mizoga na mayai, na ni hayo mayai yanayomponza kwa wenye kuku.

Wakati wa kusafisha mfereji mwaka uliopita, mjukuu wangu mwenye miaka kumi na miwili alinijia na ndoo iliyofunikwa kwa ungo.

"Shikamoo, babu. Nimekuletea mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa gani huyo anayefunikwa kwa ungo?"

Ndani alikuwamo kenge mdogo, mguu wa nyuma umechanwa na jembe. Vijana waliokuwa mferejini walitaka kummaliza, naye akawaomba wampe. Malipo ya wema huo yalikuwa yamekwisha kutolewa: kidole gumba chake kilikuwa kinavuja damu.

Jambo la kwanza nililofanya, baada ya kumwosha kidole kwa sabuni, ni kumpigia simu ofisa wa wanyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu raia kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali, na mwalimu mstaafu hana sheria yake peke yake. Ofisa alinijibu kwa upole kwamba tumtunze mpaka kidonda kifunge, naye angepita kumwona. Hivyo kenge akawa mgeni wetu kwa siku 23. Katika siku hizo nilijifunza mambo kadhaa ambayo nilidhani nimeyafundisha maisha yangu yote.

Kwanza ilikuwa nyumba. Mjukuu wangu alitaka kumweka katika sanduku la kioo, ili sisi tumwone vizuri. Nikamwuliza: "Nyumba ni ya anayetazama au ya anayekaa?" Akanyamaza, kisha akasema ni ya anayekaa. Basi, nikamwambia, tuanze na mahitaji yake. Kenge hana moto ndani ya mwili wake kama sisi, joto lake hulipata nje. Asubuhi anahitaji mahali pa kuota jua, na jua likizidi anahitaji kivuli cha kukimbilia, la sivyo atakufa kwa joto lile lile lililompa uhai. Mwanga wa jua humsaidia pia kujenga mifupa, na kioo cha kawaida huzuia sehemu ya mionzi inayofanya kazi hiyo. Anahitaji udongo wa kuchimba na maji ya kuingiza mwili mzima. Zaidi ya yote anahitaji mahali pa kujificha, ambapo hakuna jicho wala mkono utakaomfuata.

Tukatengeneza banda la mbao na wavu wa chuma, nusu juani na nusu chini ya mwembe. Ndani tukaweka karai la maji, udongo, na nusu ya mtungi uliovunjika, umelazwa kifudifudi. Kwa siku nne tulichoona ni mtungi tu. Majirani walicheka: mnafuga mtungi! Lakini siku ya tano kichwa kilitokeza, na ulimi wenye ncha mbili ukaanza kuonja hewa. Kiumbe asiye na pa kujificha hatoki kwa hiari, maana daima yuko nje. Ni yule mwenye mlango wake ndiye anayeweza kuamua kuufungua.

Jambo la pili lilikuwa kuuma, na hapo ndipo tulipobishana. Baba yake alimtafutia katika simu maelezo ya wafugaji wa Marekani. Huko watu hufuga majumbani mjusi mkubwa wa Amerika ya Kusini aitwaye tegu, anayefanana na kenge kwa umbo ingawa si wa ukoo mmoja. Mengi katika maelezo hayo yalikuwa ya busara. Usimshike kutoka juu, kwani adui zake wengi, mwewe na wenzake, humjia kutoka juu. Mlishe kwa koleo, asije akachanganya kidole na chakula. Weka ndani ya nyumba yake fulana uliyoivaa, apate kuizoea harufu yako kabla hajauzoea mkono wako, kwa sababu yeye hukufahamu kwa ulimi kabla ya macho. Haya yote tuliyafanya, na fulana ya mjukuu wangu ikawa shuka la kenge.

Lakini palikuwa na agizo moja lililonisimamisha. Lilisema: akikuuma, usimwachie wala usiondoe mkono, kwa kuwa ukimwachia umemfundisha kwamba kuuma kunafaa.

Kama mwalimu ninaifahamu hoja hiyo, na siidharau. Mtoto akipewa kila anachokililia, kilio kinakuwa fedha yake ya kununulia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na walisema pia samaki mkunje angali mbichi. Kenge wa futi moja akizoea kutawala nyumba kwa meno, atakapofika mita mbili atatawala kweli. Hadi hapo nakubaliana nao.

Hata hivyo hoja hiyo inaanzia katikati ya hadithi. Inauliza tufanye nini baada ya kuumwa, wala haiulizi yalitangulia yapi. Nikampa mjukuu wangu daftari na kalamu, nikamwambia asimguse kenge kwa siku tatu, aketi tu kando ya banda na kuandika kila anachoona pale mtu anapokaribia. Daftari lile ninalo mpaka leo. Aliandika kwamba kwanza kenge husimama kimya na kuacha kutoa ulimi. Ukiendelea kumsogelea, huvimbisha koo. Kisha hupuliza pumzi kwa sauti kama ya tairi linalotoka upepo. Kisha hupinda mkia kama mjeledi, na akikosa nafasi huupiga. Kisha hufunua kinywa. Ndipo, baada ya hayo yote, huuma.

"Babu," akaniambia, "kumbe alishasema mara tano."

Dalili ya mvua ni mawingu. Kuuma kulikuwa neno lake la sita, baada ya matano kupuuzwa. Sasa, anayeshikilia mkono pale pale ili kumwonyesha kwamba meno hayafai kitu, anamfundisha nini? Yamkini anamfundisha kwamba hakuna neno lolote linalofaa, si la kwanza wala la mwisho. Akifaulu, atapata mnyama asiyeuma. Lakini atakuwa amempata kwa kumfanya bubu.

Njia tuliyoifuata ilikuwa nyingine, na si ngumu. Hatukumpa kenge ushindi kwa meno, wala hatukumwadhibu kwa ajili ya meno. Tuliitikia neno la kwanza. Alipoacha kutoa ulimi, mkono ulisimama pale pale ulipo. Alipovimbisha koo, mkono ulirudi nyuma kidogo, polepole, bila woga. Alipotulia na kuanza tena kuonja hewa, mkono ulisogea. Kila siku dakika chache tu, na tulimaliza yeye akiwa bado ametulia. Wiki ya kwanza mjukuu wangu aliumwa mara mbili, na zote mbili alikuwa na haraka. Wiki ya pili hakuumwa. Wiki ya tatu kenge alikuwa akija mwenyewe kwenye koleo la panzi, na siku moja alipanda juu ya mkono uliolazwa udongoni, akaota jua juu yake.

Huyu ndiye kenge asiyesikia mpaka atoke damu! Mwenye kutaka kuhakikisha amtazame vizuri: nyuma ya jicho ana tundu la sikio, liko wazi kabisa. Anasikia. Afadhali msemo ungesema kwamba ni sisi tusiosikia mpaka damu itutoke vidoleni.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu, aliniona napoteza akili. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, naye akaifungua kesi papo hapo chini ya mwembe. "Mwalimu," akasema, "huyu ni mjusi. Hana mawazo, hana aibu, wala hana shukrani. Utaongeleaje haki ya mjusi?"

Kesi yake ina mawakili wakubwa. Mfaransa Descartes, katika karne ya 17, aliwaona wanyama kuwa kama mitambo inayokwenda bila nafsi. Mjerumani Kant, karne iliyofuata, hakuona kwamba tunawajibika kwa wanyama wenyewe. Lakini alionya kwamba anayezoea ukatili kwa mnyama hujizoeza ukatili kwa binadamu. Mwingereza Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, ndiye aliyeligeuza swali: tusiulize kama wana akili au kama wanasema, bali kama wanaumia. Nchi yetu imekubali kitu cha namna hiyo kwa kutunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mimi ningemjibu jirani yangu kwa kuongeza neno moja juu ya la Bentham. Pamoja na kuuliza kama anaumia, tuulize kama anakataa. Kiumbe anayevimbisha koo ili usimkaribie ana jambo analolitaka na jambo asilolitaka. Huenda hana shukrani, na mimi sikumdai. Lakini mwenye kukataa amekwisha kuweka mpaka, na mwenye nguvu anayeuvuka kila siku kwa sababu tu anaweza, anajifunza kitu kuhusu nguvu. Hapo Kant alikuwa na shabaha: mkono uliozoea kutosikia koo la kenge hautasikia machozi ya mtoto.

Na hapa ndipo ninapofika darasani, maana sikuandika haya kwa ajili ya mijusi tu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977, madarasa yalijaa watoto na walimu wakawa wachache. Miaka mingi nilizunguka kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Nilikuta madarasa ya watoto zaidi ya sabini yaliyokuwa kimya kiasi cha kusikia nzi. Mkaguzi wa haraka angeandika: nidhamu nzuri. Mimi niliwazoeza wanachuo wangu kutazama mikono. Mwalimu akiuliza swali, mikono mingapi inainuka? Na je, yupo hata mmoja anayethubutu kusema, "Mwalimu, sijaelewa"? "Sijaelewa" ni kukataa kwa adabu kabisa, ni koo linalovimba. Darasa lisilosikika neno hilo kwa mwaka mzima halina nidhamu. Limekata tamaa, limejificha ndani ya macho yake lenyewe kwa sababu halina mtungi.

Wafugaji wa mijusi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mjusi aliyelala tu bila kujitetea anaweza kuwa amezoea, lakini vile vile anaweza kuwa na baridi, au mgonjwa, au ameogopa kupita kiasi cha kukimbia. Kwa nje mambo haya hufanana. Utawatofautisha kwa jambo moja: fungua mlango, ukae kimya, uone kama atakuja. Utulivu wa aliyezoea una miguu. Ule wa aliyevunjika hauna.

Kanuni zetu za adhabu ya viboko, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2002, zimeweka kikomo cha viboko vinne na kumpa mkuu wa shule mamlaka hayo, na walimu wataendelea kubishana juu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba fimbo, hata ikihesabiwa, haisikilizi. Mwanafunzi anayepiga kelele na kutupa daftari amekwisha kusema mara tano: aliacha kuinua mkono, alianza kuketi nyuma, alichelewa, alinuna, alijibu kwa mkato. Mwalimu mwenye kuitikia neno la kwanza hahitaji kushindana na la sita.

Lipo swali la mwisho, gumu kuliko yote. Ikiwa mnyama amezoea na haumi tena, je, sasa ni wetu? Mjukuu wangu aliamini hivyo. Kidonda kilikuwa kimefunga na kenge alikuwa akipanda mkononi. "Babu, ananipenda. Mwambie ofisa amepona vibaya." Sikumcheka. Alikuwa akiniomba niseme uongo kwa ajili ya upendo, na watu wazima hufanya hivyo kila siku.

Nilimweleza habari ya Elsa, simba jike wa Kenya. Mwaka 1956 George Adamson alimuua mama yake alipomshambulia, yeye na mkewe Joy wakawalea watoto watatu. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Elsa alibaki, akafundishwa kuwinda, akaachiwa porini. Alizaa watoto huko na akaendelea kuwatembelea waliomlea, mpaka alipokufa kwa ugonjwa mwaka 1961. Joy aliandika kitabu chake mwaka 1960 na dunia nzima ikamjua. Upendo wao ulijulikana pale mlango ulipokuwa wazi. Na hadithi hiyo si ya mbali na sisi: Tony Fitzjohn, aliyefanya kazi na George Adamson huko Kora na kuraruliwa na simba mwaka 1975, ndiye aliyekuja Mkomazi, hapa jirani yetu, mwaka 1989. Huko walitengeneza uzio wa kuwalinda faru weusi. Uzio ule ni ukuta kama kuta nyingine, lakini ulijengwa ili kumzuia jangili asiingie.

Nikamweleza pia upande wa pili. Katika jimbo la Florida, Marekani, kenge wa Afrika na tegu wanaishi leo porini kando ya mifereji ya watu, kwa kuwa waliletwa kuuzwa kama wanyama wa nyumbani, na baadhi yao wakatoroka au wakaachiwa. Wanakula mayai ya ndege na ya mamba wa huko. Mwaka 2021 jimbo hilo liliwaingiza wote wawili katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku. Kosa si la kenge. Alinunuliwa na mtu aliyependa futi moja, asiyefikiri juu ya mita mbili.

Ofisa alipokuja tulikwenda naye mferejini, mbali na mabanda ya kuku. Mjukuu wangu alibeba ndoo mwenyewe na hakutaka kusaidiwa. Alipoilaza majanini, kenge alitoka, akageuka, akavimbisha koo. Kijana akarudi nyuma hatua moja. Kenge akaonja hewa, kisha akaingia majini. Kijana alilia njiani na mimi sikumkataza. Yeye naye ana haki ya kusema lililo moyoni mwake.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatutafuga kenge. Lakini kila mmoja ana mdogo aliye chini ya mkono wake: mtoto, mwanafunzi, msaidizi wa nyumbani, mfanyakazi, mnyama. Kila mmoja wetu hufurahi mdogo huyo anapotulia. Kabla ya kujisifu, tujiulize kama mlango wake upo, na kama lile neno lake la kwanza, lisilo na sauti wala meno, liliwahi kutusimamisha hata mara moja. Asipouma kwa sababu anasikilizwa, tumemlea. Asipouma kwa sababu amechoka kutosikilizwa, tumempoteza, ingawa bado tunaye ndani ya nyumba.